Kabla Umtukane Fundi, Niambie Mliandikiana Nini

Kila wiki kuna video mpya. Kushoto kuna picha safi ya kitanda kutoka Pinterest. Kulia kuna kitanda kimeinama upande mmoja kama matatu iliyobeba watu kupita kiasi. Chini yake watu wanamcheka fundi mpaka wanalia. Mimi pia hutengeneza kontenti, so najua vizuri kwa nini hizo video zinaenda. Uchungu wa mtu aliyepoteza pesa huuza. Lakini kuna swali moja sijaona mtu akiuliza huko chini: mliandikiana nini?

Wacha niseme msimamo wangu mapema, halafu mtanitusi mkimaliza kusoma. Fanicha nyingi mbaya tunazocheka mtandaoni ziliharibika kabla msumeno uguse mbao. Ziliharibika kwa maongezi. Na sisi vijana wa mjini, tunaohamia keja ya kwanza na pesa kidogo na picha nyingi kwa simu, ndio tunaongoza kwa kuziharibu.

Sisemi mafundi ni malaika. Kuna fundi anaweza kukuambia "kesho" wiki tatu mfululizo bila kupepesa macho. Rafiki yangu alilipia kabati pesa yote siku ya kwanza kwa fundi mmoja wa mtaani kwao, na aliletewa baada ya miezi miwili, milango ikiwa haifungi. Hiyo ni dhuluma na sitaipamba. Lakini ukiniuliza tutamaliza vipi huu upuzi, kumpiga fundi picha na kumwanika si jibu. Jibu ni kujua unachonunua.

Angalia vile wengi wetu huagiza kitu. Unafika pale Gikomba, ama kwa wale mafundi wa kando ya Ngong Road, unatoa simu. "Boss, naweza pata hii?" Fundi anasema inawezekana, kwa sababu hakuna fundi amewahi kusema haiwezekani. Anataja bei. Wewe unagawa kwa mbili, kwa sababu umefundishwa ukinunua kwa bei ya kwanza wewe ni fala. Mnavutana. Mnapatana mahali fulani katikati. Unatuma pesa kwa M-Pesa, unaondoka ukijiona mjanja.

Sasa nikuulize. Ile pesa umekata, imetoka wapi? Haijatoka kwa chakula cha fundi pekee. Imetoka kwa kitanda chako. Mbao ya inchi 2 kwa 4 imekuwa 2 kwa 3. Vile vibao vya kushikilia godoro vilikuwa viwe 12, sasa ni 8. Pale kona ulimi wa mbao moja ulikuwa uingie kwa tundu la nyingine ukipakwa gundi, sasa zimegongwa misumari miwili na kufunikwa na vanishi. Hakuna mtu amekuambia, kwa sababu hukuuliza. Hamkukubaliana juu ya kitanda. Mlikubaliana juu ya bei na picha.

Halafu kuna mbao yenyewe. Wengi wetu tunajua aina moja tu, "mbao". Manze, hiyo ni kama kwenda hoteli uitishe "chakula". Saiprasi na paini ni mbao nyepesi, rahisi kufanyia kazi, na ziko sawa kwa kitanda na rafu ukichagua vipande vizuri. Mkaratusi, ule watu huita blue gum, ni mgumu na mzito lakini unapenda kujipinda ukikauka. Mahogani na mvule ni za bei, na nyingi huletwa kutoka Uganda na Kongo. Ukiuziwa meza ya "mahogani" kwa bei ya saiprasi, jua umeuziwa rangi. Mwambie fundi akuonyeshe mbao kabla ipakwe chochote. Fundi mzuri hatakasirika.

Pia uliza kama imekauka. Hapa ndipo kitanda huanza kupiga kelele mwezi wa pili. Mbao mbichi husinyaa ikikauka ndani ya nyumba yako, viungo vinaachana, na fundi hata hayuko. Ishike mkononi: mbao mbichi ni nzito kuliko mwenzake wa saizi sawa, na ukiiweka shavuni ni baridi. Angalia urefu wake kwa jicho moja, kama unalenga bunduki, uone kama imepinda. Angalia kama kuna vitundu vidogo na unga unga unaoanguka, hao ni wadudu na utahama nao. Hii yote inachukua dakika 5.

Na bei ya mbao haikupanda kwa sababu fundi ana roho mbaya. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma. Marufuku hiyo ilikaa zaidi ya miaka 5, mpaka Rais Ruto akatangaza kuiondoa Julai 2023, na hata hilo tangazo likapelekwa mahakamani. Katikati ya hayo yote, yadi zilitegemea sana miti ya mashamba ya watu binafsi na mbao za kutoka nje. Fundi wa kando ya barabara ndiye alikuwa anakuelezea bei mpya, na wewe ulikuwa unamwambia "usinifanyie hivyo bana".

Tuje kwa pesa, kwa sababu hapo ndipo vita hutoka.

Fundi wengi hawana mtaji. Wengine wamekodi kibanda, mashine ya kupasua wanalipia kwa jirani, na mbao wananunua kila kazi ikija. So ukimpa malipo ya kwanza, mara nyingi hiyo pesa inamaliza kazi ya mteja aliyekuja kabla yako, yule amekuwa akimpigia simu tangu asubuhi. Kazi yako inangoja pesa ya mteja atakayekuja baada yako. Huo ndio mnyororo. "Kesho" ya fundi maana yake ni "mteja mwingine hajaingia". Na ukimlipa yote siku ya kwanza, umejiweka mwisho wa laini kwa hiari yako, kwa sababu wewe ndiye mteja pekee ambaye hana kitu kingine cha kumpa.

Kwa hivyo lipa kwa hatua. Sema mmepatana 20,000, huu ni mfano tu. Kaeni chini mgawanye: vifaa ni ngapi, kazi ya mkono ni ngapi. Tuseme vifaa 13,000 na kazi 7,000. Ile ya vifaa, enda na yeye yadi, lipa mbao mwenyewe, ona zikikatwa. Ile ya kazi, mpe 2,000 akianza, 2,000 ukiona kitu kimesimama bila rangi, na 3,000 kikiingia kwa nyumba. Hatua ya katikati ndiyo muhimu. Kitu kikiwa hakijapakwa rangi unaona kila kiungo, kila ufa, kila msumari. Rangi ikishapakwa, umechelewa.

Najua mtu atasema hii ni kazi mingi, yeye ako ofisini. Sawa. Lakini kama una dakika arobaini za kulinganisha viatu mtandaoni, uko na nusu siku ya kitu utakachokilalia miaka kumi. Tena kuna sababu nyingine ya kutoacha pesa yako yote kwa kibanda. Gikomba imeungua mara nyingi. Ule moto wa Juni 2018 ulianza usiku, ukaua watu zaidi ya 10 na kuteketeza yadi za mbao na mali ya watu. Fundi akiunguza kibanda, anapoteza kila kitu siku hiyo, na pesa yako iko ndani. Hakuna mtu wa kulaumu, na hakuna mtu wa kukulipa.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo tunaibiwa tukiangalia. Bodi moja ya plaiwudi, MDF ama blokubodi kawaida ni futi 8 kwa 4. Sema unataka kabati ya futi 6 urefu, futi 4 upana, futi 2 kuingia ndani. Chukua karatasi uchore. Bodi ya kwanza inatoa pande mbili za 6 kwa 2, na kinachobaki ni kipande cha 4 kwa 2, ambacho ni kifuniko cha juu. Bodi ya pili inatoa milango miwili ya 6 kwa 2, na kinachobaki ni sakafu ya chini. Mgongo ni bodi nyembamba, moja. Hiyo ni bodi nene mbili na nyembamba moja. Msumeno unakula milimita chache kila ukipita, so vipimo vitapungua kidogo. Ukitaka rafu na ukuta wa katikati, ongeza bodi ya tatu. Fundi akikuambia bodi nene 5, usimwite mwizi. Mwambie tu, "fundi, hebu tuchore." Labda ako na sababu, labda hana. Karatasi itasema. Na mkubaliane mapema vipande vinavyobaki ni vya nani.

Kitu kingine: wengi wetu ni wapangaji. Usijenge kabati ya kushikana na ukuta kwa nyumba ya mtu. Siku ya kuhama, ama unaiacha, ama unaing'oa na landilodi anakata pesa yako ya depo kwa matundu. Itisha kitu kinachosimama chenyewe na kinachofunguka kwa boliti. Kabla hata uende kwa fundi, pima mlango wa keja, pima ngazi, na hasa ile kona ya ngazi. Kuna watu wamenunua kitanda cha 6 kwa 6 kikafika floo ya tatu kikakataa kukata kona. Hapo keateka anakuangalia, wale wa mkokoteni wanakuangalia, na fundi amezima simu. Fundi hakukosea hapo. Hukumwambia unaishi wapi.

"Si ninunue tu ya kutengenezwa tayari?" Nunua, hakuna mtu amekukataza. Kameza kadogo ka laptopu kakitoka kwa boksi ni sawa. Lakini hizo kabati za vumbi la mbao lililogandishwa, ukihama nazo mara mbili skrubu zinakuwa zinashikilia hewa. Zikiguswa na maji zinavimba kama mandazi, na hakuna fundi anaweza kuzirudisha. Kitanda cha saiprasi kikilegea, unakaza. Kikivunjika kibao kimoja, unabadilisha kibao kimoja. Hiyo ndiyo tofauti unalipia.

Na si kila kitu kinahitaji fundi. Kuna kazi ndogo ambazo unafaa kujua kama vile unajua kupika ugali.

Mlango unakwama msimu wa mvua, Aprili ama Novemba? Usikimbilie randa. Mbao imenyonya unyevu, ikikauka itarudi, na ukikata leo utakaa na nafasi ya panya Januari. Anza na bawaba, zile unaita hinji. Kaza skrubu zote. Mara nyingi mlango ulikuwa umelala tu. Kama bado unakwama, paka chaki kwa ukingo, funga, fungua, uone inagusa wapi, kisha piga msasa hapo pekee.

Skrubu inazunguka bila kushika? Tundu limepanuka. Kata vijiti vya kiberiti bila vichwa, vipake gundi ya mbao, vijaze tundu, wacha vikauke usiku mzima, kata vilivyotokeza, rudisha skrubu. Droo inakataa kufunguka? Sugua mshumaa ama sabuni ya mche kwa reli za mbao. Kitanda kinapiga kelele mpaka majirani wanakuheshimu? Kaza boliti, halafu weka mshumaa pale mbao mbili zinasuguana.

Rafu kwa ukuta wa mawe ni hadithi nyingine. Msumari hautashika, utabomoa plasta tu. Unahitaji drili yenye ncha ya kutoboa mawe, vile viplastiki vya kuingia kwa tundu, na skrubu. Usitoboe juu ama chini ya soketi au swichi moja kwa moja, kwa sababu nyaya hupitia hapo. Na ukipiga MDF msasa, vaa maski, huo unga ni mbaya kwa mapafu. Kama huna drili, usinunue. Mlipe fundi saa moja.

Mlipe, nimesema. Hapo kwa kulipa ndipo nina hasira kidogo.

Mimi niliacha chuo. Nilipoacha, sentensi niliyosikia zaidi kutoka kwa watu wazima ilikuwa "unataka kuishia kuwa fundi?" Walisema hivyo wakiwa wamekalia viti vilivyotengenezwa na fundi, kwa meza ya fundi, mlango wa fundi umefungwa nyuma yao. Tumekuzwa tukiamini kazi ya mkono ni adhabu ya kufeli mtihani. Ndio maana hata tukimlipa mtu wa kazi hiyo, tunalipa kama tunatoa sadaka. Kuna fundi amefanya mtihani wa ufundi wa NITA, ana cheti chake cha Grade, hajawahi kuulizwa na mteja hata mmoja. Na kuna mwingine hana cheti, alijifunzia kibandani kwa mjomba wake akishika upande wa pili wa msumeno, na mkono wake haukosei. Wote wawili wewe unawaita "boss", halafu unawapunguzia mia tano ya mwisho wakishakubebea kitanda mpaka ndani.

Na sisi wa kontenti ndio wanafiki wakubwa. Kampuni ikituambia itatulipa baada ya siku 90, tunaandika nyuzi ndefu za machozi. Ikituambia kazi yetu ni "kujulikana" badala ya pesa, tunaungana kama chama. Lakini fundi akimaliza kazi Ijumaa, tunamwambia "nitakutumia Jumatatu", na Jumatatu hatushiki simu. Halafu tunashangaa kwa nini yeye pia hashiki yetu. Huyo fundi alinunua msasa kwa mkopo. Ana kijana anamsaidia ambaye lazima alipwe jioni, si Jumatatu.

Kwa hivyo andikianeni. Haihitaji wakili. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: kitu gani, vipimo gani, mbao gani, vibao vingapi, rangi gani, bei gani, lini, na malipo kwa hatua zipi. Mwambie ajibu "sawa". Hifadhi jumbe za M-Pesa. Mkikosana, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, na ilifungua milango Milimani mwaka wa 2021. Inasikiza madai ya mpaka shilingi milioni 1, unaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe kwa siku 60. Watu wengi wakisikia hivyo wanafikiria vile watampeleka fundi. Soma tena. Fundi pia anaweza kukupeleka wewe na ile mia tano yako. Ujumbe mmoja unawalinda nyote wawili, na hiyo ndiyo sababu naupenda.

Kama fundi anakataa kuandika chochote, tafuta mwingine. Kama wewe ndiye unakataa, basi ulitaka mwanya, na usilie ukiingiliwa na maji kwa huo mwanya.

Mwisho, kuna kitu hakiandikwi kwa WhatsApp. Ukipata fundi mzuri, anayekuambia "hii picha haitawezekana na hii bajeti, lakini naweza kufanya hivi", usimwache. Huyo amekataa pesa yako ili akuambie ukweli. Hifadhi namba yake, mlipe siku ile ile, na mtumie wateja. Video ya kitanda kilichopinda hupata maoni elfu kwa saa moja. Video ya kitanda kilichonyooka hupata kumi na mbili. Mimi nimeamua nitaanza kuposti hizo za kumi na mbili, na jina la kibanda liwe kubwa kuliko langu.

Kama kuna msee unayemjua anahamia keja mwezi huu, mtumie hii kabla atume pesa.